Dalali na wakala: kwa nini mswada wa Lamu hauna wa kuubeba

Ukiuliza kwenye baraza za Usita wa Mui ni nani wakala wa waandishi, utaonyeshwa dalali wa nyumba. Anayejibu hana kosa. Lamu ina madalali wa viwanja, wa nyumba za mawe na wa vyombo vya bahari. Mtu ambaye kazi yake ni kuchukua mswada wa mwenzake, kuupeleka kwa mchapishaji, kuupigania mkataba na kuendelea kukusanya fedha zake miaka ishirini baadaye, huyo hana hata jina lililozoeleka.

Kazi hizi mbili hazifanani ila kwa mbali. Dalali huuza, hupewa chake, huondoka. Wakala wa mwandishi hauzi, hukodisha. Mswada hubaki mali ya mwandishi, na kinachotoka ni ruhusa: ya kuuchapa kwa Kiswahili, kuutafsiri, kuufanya filamu, kuusoma redioni, kila moja kwa muda wake na bei yake. Wakala asiyeijua tofauti hiyo hufanya udalali bila kujua. Mwandishi husaini karatasi moja, hupewa fedha mara moja, na kitabu kinapokuja kutengenezewa filamu hugundua kwamba hana alichobakiza.

Kwa nini basi hatuna mawakala? Jibu ninalolisikia sana ni kwamba Waswahili hawasomi. Mimi silikubali. Jibu liko kwenye hesabu.

Chukua riwaya ya shilingi 600. Asilimia 10 ya bei ya jalada, fungu la mwandishi linaloitwa mrabaha, ni shilingi 60. Lakini mikataba mingi ya hapa Kenya huhesabu mrabaha juu ya kile kilichomfikia mchapishaji baada ya duka kukata chake. Duka likichukua asilimia 35, zinabaki 390 na mrabaha ni 39. Maneno machache ndani ya kifungu kimoja yamekula shilingi 21 katika kila nakala. Zikiuzwa nakala 3,000, na mchapishaji wa riwaya isiyo ya shule atashukuru akizifikia, mwandishi ana 117,000 kabla ya ile kodi ya asilimia 5 inayokatwa kwenye mrabaha wa mkaazi wa Kenya. Wakala akichukua asilimia 15, ana 17,550. Mpe waandishi kumi wa namna hiyo katika mwaka mmoja, jambo gumu, na kila mmoja auze hivyo hivyo, jambo gumu zaidi: 175,500. Gawanya kwa miezi 12, upate 14,625. Na hapo hajalipa umeme, intaneti wala nauli ya boti kwenda Mokowe, upande wa bara.

London, A. P. Watt alipoanzisha uwakala katika robo ya mwisho ya karne ya 19, alikata asilimia 10 na akala vizuri. Siku hizi kule desturi ni asilimia 15 kwa mauzo ya nyumbani na 20 kwa tafsiri, kwa sababu sehemu humwendea wakala mwenza wa nchi ile nyingine. Asilimia hizo hulisha ofisi nzima kwa kuwa soko la Kiingereza ni pana. Ukizihamisha hapa kama zilivyo, hazimlishi hata mtu mmoja.

Ndiyo maana nashikilia kwamba wakala wa kwanza wa kweli wa pwani hii atatoka kwenye runinga na habari. Atakuwa na mshahara au malipo ya taarifa upande mmoja, na waandishi wanne au watano upande wa pili. Watu husema kazi nyingi ni dalili ya mtu asiyetulia. Hapa kazi nyingi ndiyo njia pekee ya kuiweka hai ile moja isiyolipa.

Na Lamu haioni jambo hilo kwa mara ya kwanza. Muhamadi Kijumwa, aliyefariki 1945, alikuwa mshairi, mchongaji, mtu wa ngoma na ala, na mwandishi wa khati. Wataalamu wa Ulaya kama William Hichens na Ernst Dammann walipotaka tenzi za Amu, yaani Lamu, yeye ndiye aliyewanakilia kwa herufi za Kiarabu na kuwapelekea. Alijua nani ana utenzi gani, upi umekamilika na upi umekatika, na mgeni anataka nini. Kazi ya wakala ndiyo hiyo, ila mkataba ndio haukuwepo, na nakala alizoziandika leo ziko kwenye maktaba za Uingereza na Ujerumani. Baadaye Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, ambaye ndiye anayetajwa kuwa alitupa neno lenyewe "runinga", aliona shairi lake juu ya ujenzi wa jahazi la Lamu likichapwa Leiden, Uholanzi, 1979, chini ya wahariri wataalamu. Kwa karibu karne nzima profesa ndiye aliyekuwa wakala wetu. Alifanya kazi kwa uaminifu mwingi, lakini alitafuta maandishi kwa ajili ya somo lake, na mrabaha haukuwa somo lake.

Tuje kwenye runinga, kwa kuwa ndiko mafunzo yanakoanzia. Ripota wa kujitegemea aliyeko Lamu hulipwa kwa taarifa, si kwa mwezi. Taarifa ya dakika tatu hubeba maneno kama 360 ya msimulizi ukisoma kwa mwendo wa 120 kwa dakika, na ukiwapa wahojiwa dakika moja na nusu umebakiwa na 180. Maneno 180 ya kueleza mgogoro wa ardhi uliodumu miaka arobaini! Aliyefanya hivyo mara mia hatapata shida kufupisha riwaya ya kurasa 300 ikae kwenye ukurasa mmoja.

Kisha kuna kupeleka. Video ya dakika tatu kwa megabiti 10 kwa sekunde ni kama megabaiti 225. Mtandao ukipandisha megabiti 2 kwa sekunde, hiyo ni robo saa ukiwa haukukatika, nao hukatika. Habari za Kiswahili zinasomwa saa moja jioni, kwa hiyo picha zisipokuwa njiani alasiri, siku imepotea na malipo yamepotea. Upigaji wenyewe nao una saa zake. Kuta za chokaa huchoma picha mchana kutwa, ndipo wenye kujua hupiga kabla ya saa tatu asubuhi na kurudi baada ya saa kumi. Pwani bila kifuniko cha manyoya kwenye maikrofoni, upepo wa kusi utakuharibia mahojiano yote, na hilo hulioni mpaka ufike kwenye kuhariri.

Kinachomfaa wakala zaidi katika hayo ni nidhamu ya karatasi. Mtayarishaji makini hatoki bila fomu ya idhini ya mhojiwa, hatumii wimbo asioulipia, na anajua picha za kumbukumbu za kituo fulani zinaruhusiwa kuonyeshwa mara ngapi na nchi gani. Huko ndiko anakozoea kuuliza maswali manne: haki gani, lugha gani, eneo gani, muda gani. Asiyezoea kuuliza huumia mapema. Kosa la kawaida ni ripota kusaini mkataba unaokipa kituo kila kitu, pamoja na picha ghafi, "ulimwenguni kote na kwa muda wote". Miaka mitano baadaye anataka kuandika kitabu kutokana na mahojiano yale, na hana ruhusa ya kuyagusa. Dawa yake ni sentensi moja, iombwe kabla ya kusaini: mwandishi abakiwe na haki ya kutumia utafiti na mahojiano yake katika maandishi ya kitabu. Vituo vingi haviioni kuwa tishio.

Uandishi wa habari hufundisha jambo jingine, nalo ni woga unaostahili. Lamu ni mji mdogo. Riwaya yenye mfanyabiashara kipofu wa jicho moja mwenye nyumba mbili Mkomani itasomwa kama taarifa, ubadilishe jina usibadilishe. Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kuchafua jina mwaka 2017, na wengi wakadhani mambo yamekwisha. Hayakwisha: kesi ya madai ipo palepale, na mikataba mingi ya uchapishaji ina kifungu kinachomtwika mwandishi gharama zote za kesi. Aliyefanya kazi chini ya mhariri mkali huusoma mswada akiweka alama kila mahali mtu halisi anapoweza kujitambua, kisha humketisha mwandishi. Badilisha kazi ya mhusika, umri, mtaa, idadi ya watoto. Jina peke yake halitoshi.

Lakini hapa pana mtego, na ni mbaya kwa sababu unapendeza. Mtu akiwa na kipindi hewani na waandishi mkononi, atashawishika kuwaalika wale wale kipindini. Mara ya kwanza ni msaada, ya tatu ni biashara. Kanuni za maadili za Baraza la Vyombo vya Habari zinamtaka mwandishi wa habari aepuke mgongano wa maslahi, na kwa maoni yangu hapa hakuna nusu nusu: anayekuwakilisha asikuhoji, asikuhakiki, asimwambie mwenzake akuhoji bila kutaja uhusiano. Amwambie mhariri wake kwa maandishi ni waandishi gani anawawakilisha, na orodha ibadilishwe kila anapoongeza mmoja. Wengine huona huku ni kujinyima. Ila msikilizaji wa pwani ana masikio, na sifa ya mtangazaji ndiyo mtaji wenyewe anaokwenda nao kwa mchapishaji.

Mzigo unaokwenda kwa mchapishaji ni mwembamba kuliko waandishi wanavyodhani. Barua ya ukurasa mmoja. Muhtasari wa kurasa mbili unaosema mwisho wa hadithi waziwazi (waandishi wetu hupenda kuuficha, kama kwamba mhariri atanunua kitabu ili ajue yaliyotokea). Sura tatu za mwanzo, si tatu "nzuri zaidi" zilizookotwa katikati. Ukienda kwa mashirika ya vitabu vya shule, sema unalenga kiwango gani, kwa kuwa ni mchapishaji anayepeleka vitabu kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Mwandishi hawezi kujipelekea mwenyewe. Na hapo hapo, kabla ya yeyote kuota, dai mrabaha unaopanda: mathalani asilimia 10 hadi nakala 5,000, 12.5 hadi 20,000, na 15 zinazozidi. Mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, wa 2023 ulikuwa na watahiniwa zaidi ya 900,000. Kitabu kikiteuliwa kuwa cha lazima na mkataba unasema asilimia 10 tu milele, hakuna wakala atakayekwenda kuomba nyongeza akasikilizwa. Na mwandishi asilipishwe kitu ili mswada wake usomwe. Anayedai ada ya kusoma hajatofautisha uwakala na upigaji ramli.

Sasa lugha, na hapa ndipo msomi wa mbali na wakala wa mtaani wanapoachana. Mhariri wa Nairobi akikutana na "mato" ya Kiamu, lahaja ya Lamu, ataandika "macho", "mayi" atayafanya "maji", "nti" ataifanya "nchi". Kwenye nathari ni hasara ya ladha. Kwenye ushairi ni kubomoa nyumba. Ubeti ambao vina vyake ni "mato", "kito", "uzito", ukiusanifisha neno moja kina kimekufa, na msomaji atadhani mshairi hakujua kazi. Hata tahajia huua. Utenzi wa Mwana Kupona wa 1858, wenye beti 102, umefungwa kila mwisho wa ubeti kwa kina cha "ya". Kiswahili sanifu huandika "-ia", na y ikiondoka bahari nzima ya utenzi, yaani kina hicho cha mwisho, imefutika machoni ingawa sikio bado laisikia. Kwa hiyo mkataba wa mshairi wa Kiamu uwe na kiambatisho: orodha ya maneno na tahajia zisizoguswa, na sharti kwamba mabadiliko mengine yaonyeshwe kwa mwandishi kabla ya kwenda mitamboni. Orodha ya maneno sitini hutosha kwa diwani ya kawaida. Weka faharasa nyuma, mhariri atulie. Mtu wa runinga analijua tatizo hili kwa jina jingine, maana amewahi kumwona bibi wa Pate akizungumza na maandishi ya chini ya skrini yakisema jambo jingine.

Haki za filamu hazihitaji maelezo marefu. Mtayarishaji asinunue kwanza, alipie muda. Kama bei ya haki ni shilingi 1,000,000, asilimia 10 yake, yaani 100,000, humpa miezi 18 ya kutafuta fedha huku wengine wakizuiwa, na muda ukipita bila kazi kuanza kila kitu hurudi kwa mwandishi na ile laki hairudi. Kinachokosewa ni kuacha muda wazi. Nimeona maandishi yanayosema "mpaka mradi utakapokamilika", maneno ambayo kwa filamu za kwetu ni sawa na kusema mpaka kiama.

Tafsiri ndiyo itakayomlipa wakala, akiwa mwangalifu na kuhesabu maneno. "Nitakuandikia" kwetu ni neno moja. Kiingereza hulitaka kwa matano. Mswada wa maneno 60,000 ya Kiswahili huenda ukafika 80,000 na zaidi ukitafsiriwa. Mtafsiri akilipwa kwa neno, na karatasi isiseme ni neno la lugha gani, amepoteza robo ya malipo yake, au mchapishaji amekuta bili imepanda kwa theluthi. Ugomvi huo huchelewesha kitabu mwaka. Na tusikodolee Kiingereza peke yake. Malindi imeishi na Wataliano tangu miaka ya 1960, vijana wake wengi huzungumza Kitaliano cha sokoni na cha hotelini, na Chuo Kikuu cha Napoli, L'Orientale, kinafundisha Kiswahili. Kijana wa Malindi anayetoa rasimu na mhariri wa Napoli anayeisafisha wanaweza kukifikisha kitabu Italia bila kupitia London hata kidogo. Sijui kwa nini njia hiyo imeachwa imeota nyasi.

Fedha zinapoingia, mali bila daftari huisha bila habari. Mchapishaji humlipa wakala, wakala hukata asilimia yake kwenye kiasi kamili kabla ya kodi, na kinachobaki humwendea mwandishi pamoja na karatasi ya hesabu, si ujumbe wa simu peke yake. Fedha za waandishi zikae kwenye akaunti yao tofauti. Wakala anayezipokea kwenye simu ile ile anayonunulia samaki hana nia mbaya siku ya kwanza. Mwezi wa tatu hajui tena kipi chake. Mauzo ya Marekani, ya Amazon yakiwemo, huja yakiwa yamekatwa asilimia 30, kwa sababu Kenya haina mapatano ya kodi na nchi hiyo. Mwambie mwandishi mapema, asije akadhani umemla.

Limebaki la mirathi, na kwa Lamu ni zito kuliko mengine yote. Kwa sheria ya Kenya haki ya mwandishi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Mshairi aliyekufa 1990 analindwa hadi mwisho wa 2040. Kwa Waislamu mirathi hugawanywa kwa mafungu, Mahakama ya Kadhi ikisimamia wanapotofautiana, na mjane, wana na mabinti wote huingia. Nao wakifa, warithi wao huingia. Ukitaka kuchapa upya diwani ya mzee huyo leo, huenda ukahitaji sahihi kumi na moja, mbili ziko Maskati, moja Jedda, na ya mwisho ni ya mjukuu asiyepokea simu. Mchapishaji hatasubiri. Atachukua kitabu kingine.

Tenzi za kale hazina shida hiyo, na hati za Msikiti wa Riyadha zimekwisha kupigwa picha za kidijitali kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza. Walio hatarini ni washairi waliofariki kati ya 1976 na sasa, ambao kazi zao ziko kwenye kanda na madaftari ya shule. Kwa aliye hai, wakala amwombe hati ya uwakili ya warithi mapema: mwandishi na wanawe wakubwa wakae pamoja, wamteue mmoja wao asaini mikataba kwa niaba ya wote, mafungu ya fedha yakibaki kama sheria ilivyoyapanga. Wakili aishuhudie, nakala moja ibaki kwa kila mtoto, na nyingine iambatanishwe na kila mkataba wa kitabu. Kazi hiyo huchukua alasiri moja na vikombe kadhaa vya kahawa, maadamu mzee bado yupo wa kuwaita wanawe wakaja.